Boi alizaliwa na kilo 4.4, mtaa ukashangilia

Simu ya kwanza aliyopiga mume wangu baada ya mimi kutolewa chumba cha upasuaji ilikuwa ya kutangaza kilo. Hakusema ni mvulana, wala kama mimi ni mzima. "Nne nukta nne!" alimwambia mama yake kule Murang'a, na vigelegele vikatoka kwenye ile simu hadi nikavisikia nikiwa nimelala kitandani, ganzi bado imenishika kuanzia kiunoni kwenda chini.

Hiyo ilikuwa 2018. Mtoto mwenyewe sikuwa naye. Alikuwa amekimbizwa nasari, na kilichobaki kando yangu ni mkoba wa nguo ndogo ndogo nilizonunua Gikomba, ambazo hazikuwahi kumtosha hata siku moja.

"Mama, mtoto ni mkubwa ila sukari yake imeshuka," aliniambia sista wa zamu ya usiku. Walikuwa wamemdunga kisigino wakapata 1.6, na mtoto mchanga akisoma chini ya 2.6 haachwi hivi hivi. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikamkodolea sista macho. Mimi nimekua nikisikia sukari inayopanda, ile ya watu wazima, inayokata vidole vya miguu na kupofusha. Sukari kushuka si ni heri? Sista akacheka kicheko cha mtu aliyechoka, akanipa kikombe nikamue dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mzazi, akaenda kitanda cha pili.

Kwa siku tatu nilitembea nimeinama, mkono mmoja kwenye mshono, kutoka wodi hadi nasari na kikombe chenye dang'a isiyojaa hata kijiko. Tuliporudi nyumbani Umoja, majirani walimbonyeza mapaja wakasema huyu amelishwa vizuri tangu tumboni. Sitaficha, nilijivuna. Nilisahau upesi kile kisigino kilichojaa alama za sindano.

Kitabu changu cha kliniki cha mimba ile bado ninacho. Kwenye safu ya uzito pameandikwa 86, kisha 90, 94, 99, na mwisho 105. Kila nilipoenda nilipandishwa mizani, mtu akaandika, akapiga muhuri, akaita anayefuata. Kilo 19. Hakuna aliyesema neno. Mkojo wangu ulichovywa kijiti mara mbili tatu, haukuonyesha kitu, nikahesabiwa mzima. Kituo chenyewe sitakitaja. Siku za kliniki benchi zilijaa hadi nje na wauguzi walikuwa wawili, na hata mmoja wao angepata nafasi ya kuniambia, ningemjibu kwamba mimi nakula kwa wawili. Ndivyo nilivyokuwa nimeambiwa na kila mwanamke aliyenizidi umri.

Mimba ya pili ilikuja 2022. Kati ya hizo mbili ilipita ile miaka ya kafyu, ambayo mimi niliimalizia kwenye kiti. Nina kibanda cha M-Pesa upande wa Buruburu. Kazi yenyewe ni kukaa. Unafungua saa moja asubuhi, unafunga saa moja na nusu usiku, na katikati hapo kinachotembea ni vidole tu. Jirani yangu wa kushoto anauza chapati, wa kulia anauza soda. Mtu akitaka kuninenepesha kwa makusudi asingepata mpango bora kuliko huo. Nilipopima mimba nilikuwa na kilo 94.

Safari hii nilienda kliniki nyingine, na huko nikakuta mtaalamu wa lishe, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho. Nilimwita daktari. (Hapa Nairobi yeyote aliyevaa koti jeupe ni daktari, hata anayeuza dawa ya mende.) Akachukua uzito wangu, akaugawa kwa urefu wangu wa mita 1.62 mara mbili, akapata karibu 36. Kuanzia 30, akasema, wao huita unene uliopitiliza. Nikasubiri anikaripie. Badala yake akaniuliza mtoto wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi. Nikamwambia, tena kwa ile sauti yangu ya kujivuna. Akauliza kama alilazwa nasari. Nikasema ndiyo, sukari ilishuka.

Akaweka kalamu chini. Kisha akaichukua tena, akageuza karatasi ya mtu fulani na kuchora nyuma yake mviringo mkubwa, mviringo mdogo, na bomba katikati.

Sukari iliyo kwenye damu ya mama, alinieleza, inapita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Insulini ya mama, ile inayoondoa sukari kwenye damu, haipiti. Kwa hiyo sukari yangu ikiwa juu, ya mtoto nayo inapanda, na wa kuishughulikia ni kongosho lake mwenyewe, dogo kuliko kidole changu. Linatoa insulini nyingi. Na insulini ni homoni ya kuweka akiba: kinachozidi inakihifadhi kama mafuta. Mtoto analimbikiza mafuta mabegani, tumboni, mapajani, yale yale ambayo majirani walikuja kuyabonyeza. Halafu siku ya kuzaliwa kitovu kinakatwa. Bomba la sukari linafungwa mara moja, lakini kongosho halijapata habari, bado linamwaga insulini kama jana. Ndiyo ile 1.6.

"Kwa hivyo hakuwa ameshiba?" nilimuuliza.

"Alikuwa kazini, mama."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba daktari mmoja wa Denmark, Jørgen Pedersen, aliyafafanua haya huko Copenhagen miaka ya 1950. Zaidi ya miaka 60 baadaye mimi nilikuwa wodini Nairobi nimeshika kikombe cha dang'a, nauliza kama sukari kushuka si heri.

Kilichonikaa zaidi akilini ni jambo alilolisema kwa kupita tu: mizani haijui inapima nini. Watoto wawili wanaweza kusoma kilo zile zile, mmoja akiwa na mafuta mengi na mwenzake misuli. Watafiti wa Cleveland kule Marekani walilipima hilo wakachapisha 2006: watoto wa akina mama wanene hawakuwa na misuli zaidi ya wenzao. Kilichozidi kilikuwa mafuta, karibu asilimia 12 ya mwili dhidi ya karibu asilimia 10 kwa wale ambao mama zao walikuwa na uzito wa kawaida. Ziko hospitali za ng'ambo zenye kijisanduku ambamo mtoto hulazwa kwa dakika chache, mashine ikakisia mafuta yake kwa hewa ambayo mwili wake umechukua nafasi yake. Sisi tulikuwa na mizani na utepe. Na mafuta si adui, mtoto anayahitaji asipate baridi na awe na akiba siku za kwanza. Ila niliwaza lile neno "amelishwa vizuri" na tumbo likanisokota.

Mpango alionipa ulikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Nisijaribu kukonda. Mimba si wakati wa kujinyima, na akanionya juu ya kuruka milo na kunywa vitu vya kusafisha tumbo ambavyo wanawake huuziana mtandaoni. Ila kwa mwanamke wa uzito wangu, kilo zinazotosha kuongezeka kwa miezi yote tisa ni 5 hadi 9. Nikafikiria zile 19. Akasema pia kwamba miezi mitatu ya mwanzo mtoto hahitaji chakula cha ziada hata kidogo, na katikati ya mimba ni kama kalori 340 kwa siku. Chapati moja ya jirani yangu, ile inayong'aa mafuta, inazimaliza karibu zote. Huyo wa pili ninayemlia ana tumbo la kijiko.

Nyumbani nilikaa nikahesabu sukari. Chai ya maziwa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe: vijiko 12, karibu gramu 50. Soda moja ya nusu lita alasiri, gramu nyingine 50 na kitu. Sikuhesabu mandazi. Wiki kadhaa baadaye nilipotumwa kufanya kile kipimo cha sukari cha wajawazito, nilifika sijala tangu usiku, nikapewa glukosi gramu 75 ndani ya maji. Ilikuwa tamu hadi ikanitia kichefuchefu, mama aliyekaa karibu nami akaitapika. Nikiwa nimekaa pale saa mbili nikisubiri kudungwa tena, ndipo niliposhtuka kwamba soda na chai zangu za siku moja zilikuwa zikizidi kile kikombe, na sikuwahi kuhisi kichefuchefu hata siku moja.

Majibu: 4.9 kabla ya kunywa, 9.1 baada ya saa moja, 7.8 baada ya saa mbili. Mipaka ni 5.1, 10 na 8.5. Sikuwa na kisukari cha mimba. Nilirudi kwa kijana wa lishe nikiwa nimenyoosha mabega, nikidhani nimefaulu mtihani na sasa naweza kurudi kwa chapati. Akaniambia mpaka ule umewekwa na watu ili wajue nani aanze matibabu, lakini mwili hauna ukuta mahali hapo. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa 2008, wa wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, uliona kwamba kadiri sukari ya mama inavyopanda ndivyo mtoto anavyonenepa na insulini yake inavyoongezeka, kidogo kidogo, hata kwa wanawake ambao hakuna anayewaita wagonjwa. Kwa hivyo bado kulikuwa na kazi.

Soda niliiacha siku hiyo hiyo. Chai ilikuwa vita. Nilishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, wiki mbili nikinywa kama dawa, kisha kimoja. Chapati nilihamishia Jumapili. Mchana nikaanza kubeba chakula kutoka nyumbani: ndengu au maharagwe, managu au sukuma, ugali kipande cha ukubwa wa ngumi badala ya mlima. Omena mara mbili kwa wiki, kwa sababu ni ya bei ninayoimudu. Asubuhi mayai, au uji wa wimbi usiotiwa sukari, ambao mwanzoni nilisema ni adhabu na sasa nikiukosa nauulizia. Gharama haikupanda. Pesa za soda na mandazi za mwezi mzima nilizihesabu nikaona aibu kuzitaja kwa mume wangu.

Odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito hutafuna, niliiacha pia. Mimba ya kwanza niliitafuna kila siku, ile ya kupasuka mdomoni kama chaki, nikiinunua kwa mama mboga pamoja na nyanya. Safari hii sista alinikagua damu kwanza, akanisisitizia vidonge vya madini ya chuma, na akaniuliza bila kunicheka kama natafuna mawe. Nilipovimeza vidonge kwa uaminifu, hamu ikapungua. Sijui kama ni vidonge au ni aibu ya kuulizwa.

Kutembea ndiko kulikonibadilisha zaidi, na ndiko kulikonipa taabu zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito asiye na tatizo la kumzuia afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki. Kutoka kwangu Umoja hadi kibandani, kupitia Mutindwa na kuvuka Outering Road, ni nusu saa kwa mwendo wangu. Siku tano, dakika 150 hizo, na bado nina ya kurudi. Zamani nilikuwa napanda bodaboda. Wiki ya kwanza nilifika nikiwa nimelowa jasho, mteja akaniuliza kama nimefukuzwa. Daraja la kuvukia nililipumzikia mara mbili. Kufikia mwezi wa sita wa mimba nilikuwa nalipanda bila kusimama, tumbo mbele, nikiongea na simu.

Lakini nisiipake rangi. Barabara zetu hazikutengenezewa mjamzito. Pale penye njia ya miguu pameegeshwa pikipiki, na mahali pengine pameanikwa viatu vya mitumba. Wakati wa mvua matope yalinirudisha kwenye matatu karibu mwezi mzima. Asubuhi na mapema nilisubiri mwanga kwa sababu ya wanyang'anyi, na jioni mume wangu alikuja kunipokea upande wa pili wa daraja. Tulipoanza alilalamika. Baadaye nikagundua amezoea, tukawa tunazungumza mambo ambayo nyumbani hayakuwa na nafasi kwa kelele za Boi na runinga.

Ugumu mwingine sikuutegemea: macho ya watu. Mapajani na mikononi nilipungua kidogo huku tumbo likikua, na uso ukachongoka. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa akipungua, watu wanatafuta sababu. Ama mume hamlishi, ama ana ugonjwa ambao hautajwi kwa sauti. Mama wa chapati aliniuliza kwa upole kama kuna amani nyumbani. Mama mkwe alikuja kututembelea na debe la viazi vitamu, ndizi, kuku wawili, na mafuta ya kupikia lita tano. Alinitazama pale mlangoni.

"Mama Boi, umekuwaje?"

"Niko salama, Mama."

"Salama gani na shingo imeonekana?"

Nilijaribu kumweleza ile michoro ya mviringo na bomba. Alisikiliza kwa heshima, kisha akamimina chai akanitilia vijiko vitatu bila kuniuliza, na mimi nikainywa. Mtu asije akaniambia nilipaswa kukataa. Amesafiri kutoka Murang'a na kuku wawili mapajani. Siku alizokaa nilikunywa chai yake asubuhi, nikaongeza mwendo jioni. Alipoondoka tukarudi kwenye kijiko kimoja.

Wateja wakipungua alasiri nilikuwa nasoma kwenye simu, na hapo nikakuta kitu kilichonivunja moyo. Uingereza waliwachukua wajawazito zaidi ya 1,500 wenye unene kama wangu, nusu wakafundishwa kula na kutembea kwa wiki nane, nusu wakaachwa na huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka 2015: waliofundishwa walikula vizuri zaidi na waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao, lakini kisukari cha mimba hakikupungua, wala idadi ya watoto wakubwa kupita kiasi. Nilimpelekea kijana wa lishe ile simu kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

Hakubisha. Alikubali kwamba mimba ni muda mfupi, na kwamba mwili ambao mtu anauleta siku ya kwanza una nguvu kuliko miezi inayofuata. Angependa tungekutana kabla sijapata mimba, lakini wanawake hawaji kwake kabla. Halafu akaniambia nisome na mwendelezo. Wale watoto walipofika miezi sita walipimwa unene wa ngozi mgongoni, chini ya bega, na wa akina mama waliofundishwa walikuwa na mafuta kidogo kuliko wenzao pale. Tofauti ndogo. Nikakaa nayo kibandani jioni nzima nikiwaza kama tofauti ndogo kama hiyo inastahili daraja la Outering kila asubuhi. Kesho yake nikaenda kwa miguu, na sidhani ilikuwa kwa sababu ya utafiti. Miguu haikuwa ikivimba tena, usiku nililala, na presha yangu, ambayo mimba ya Boi ilipanda mwishoni, safari hii ilitulia.

Niliongezeka kilo 9 na nusu. Nilipitisha nusu kilo, na hiyo nusu ninajua ilikozidia: Krismasi.

Binti yangu alizaliwa mapema 2023, kwa upasuaji tena, kama tulivyopanga na daktari. Kilo 3.5. Siwezi kuapa kwamba ni managu na daraja. Watoto wa tumbo moja hutofautiana, na huenda angekuja hivyo hata ningekunywa soda zangu zote. Sista alimdunga kisigino mara moja ndani ya saa ya kwanza, nami nikajikaza kama ndiye ninayedungwa. "Tatu nukta moja," akasema, akamfuta kwa pamba, akampandisha kifuani kwangu akiwa na joto na ute bado nyweleni. Alinyonya akalala hapo hapo. Usiku kucha nilikaa macho nikimtazama, ingawa hakuna aliyeniambia nikae macho.

Asubuhi mume wangu alipiga simu Murang'a, akaniwekea spika.

"Ni msichana, Mama. Wote wazima."

"Mungu asifiwe. Kilo?"

"Tatu na nusu."

Kimya kikapita, kile kimya cha mtu anayetafuta neno jema.

"Sawa," akasema mama mkwe. "Ninakuja na njahi. Tutamnenepesha."